Wito unapobisha hodi mama akiwa na miaka 45

Na Mwandishi Wetu

WATOTO wa shule ya Jumapili hufundishwa mapema kisa cha Samweli, mtoto aliyeitwa usiku akiwa amelala hekaluni. Kisa hicho kimezoeleka mno, kiasi kwamba waumini wengi wakisikia neno wito hujengeka akilini mwao picha ya kijana: msichana aliyemaliza kidato cha nne anayeingia utawani, au mvulana anayekwenda seminari na sanduku lake la bati.

Mwanamke wa miaka 45 au 50 hayumo katika picha hiyo. Yeye anatarajiwa kuwa mzazi wa huyo kijana. Amsindikize hadi kituo cha basi, amlipie ada na kumwombea.

Hata hivyo, wapo akina mama ambao katika umri huo hupata msukumo wa ndani wasioweza kuunyamazisha. Huenda ni mwalimu wa sekondari, muuguzi, karani wa halmashauri au mjane mwenye duka lake sokoni. Watoto wamekua au wanakaribia kuondoka nyumbani. Kwa miaka kadhaa hujiambia kwamba ni uchovu tu, kisha siku moja humwendea mchungaji au paroko wake na kuuliza swali ambalo aghalabu huanza kwa kuomba radhi: je, sijachelewa?

Makala haya yanaeleza yanayofuata baada ya swali hilo. Anayeyasoma maandiko na sheria za makanisa kwa makini atagundua kwamba umri si kikwazo kikubwa kama unavyodhaniwa. Kikwazo ni vifungo halali ambavyo mtu wa makamo amekwisha kujifunga: ndoa, watoto, madeni, ajira na wazazi wazee.

Tuanze na umri wenyewe. Injili ya Luka inamtaja Ana binti Fanueli, nabii mjane aliyekuwa akitumikia hekaluni akiwa na miaka 84. Naye Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, anaeleza habari za wajane wanaoandikwa katika orodha maalumu ya kanisa, na anaagiza kwamba asiandikwe aliye chini ya miaka 60.

Msomaji atafakari jambo hilo kidogo. Leo tumezoea kikomo cha juu cha umri: asizidi miaka kadhaa. Kanisa la mwanzo liliweka kikomo cha chini. Aidha, miongoni mwa sifa zilizotakiwa kwa mjane huyo ni kwamba awe amelea watoto, amekaribisha wageni na kuwasaidia wenye dhiki. Yale ambayo mama wa leo anayaona kuwa ndiyo yaliyomchelewesha yalihesabiwa kuwa vyeti vyake.

Kwa upande wa Kanisa Katoliki, msimamo kuhusu upadri unafahamika. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa waraka uliosisitiza kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja hilo. Njia zilizo wazi kwa mwanamke ni utawa, kuwekwa wakfu akiwa anaishi duniani, utume wa walei, na huduma kama ukatekista, ambayo Papa Fransisko aliifanya huduma rasmi ya Kanisa mwezi Mei 2021. Mwezi Januari mwaka huo huo alikuwa amewafungulia wanawake huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare.

Kuhusu utawa, Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinataja umri wa chini wa kuingia unovisi, yaani miaka 17 kamili. Umri wa juu hazikuutaja kabisa. Ukomo unaosikika katika mashirika mengi ya masista umewekwa na katiba au desturi za mashirika yenyewe, na sababu zake zinaeleweka: mtu aliyeendesha nyumba yake kwa miaka 20 si rahisi kujifunza kuomba ruhusa ya kutoka getini. Kwa hiyo mama anayekataliwa na shirika moja kwa sababu ya umri hajakataliwa na Kanisa zima, na ni vema alijue hilo kabla hajakata tamaa.

Sheria hizo hizo zinataja vifungo. Anayeingia unovisi akiwa bado katika ndoa, kuingia kwake ni batili. Hapa ndipo wengine hushituka. Mwanamke aliyetengana na mumewe kwa miaka 10, hata kama mume amekwisha kuoa kwingine kiserikali au kimila, mbele ya Kanisa bado ni mke wa mtu mpaka mume afariki au mahakama ya Kanisa ithibitishe kwamba ndoa haikuwa halali tangu mwanzo. Utawa haukuwekwa kuwa mlango wa nyuma wa kuikimbia ndoa mbaya. Mwenye ndoa mbaya ana haki ya kusaidiwa, lakini msaada huo ni mwingine.

Kifungo cha pili ni madeni. Sheria inawakataza wakuu wa mashirika kumpokea mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Msichana wa miaka 18 hana habari na kifungu hicho. Mama wa miaka 47 anayedaiwa na Saccos ya watumishi, mwenye mkopo wa kikoba na aliyemdhamini shoga yake kwa mkopo wa biashara, anahusika nacho moja kwa moja. Maandalizi ya wito wake yanaweza kuanzia kwenye daftari la marejesho, jambo ambalo halisikiki sana katika mahubiri.

Baada ya hapo kuna muda. Unovisi hauwezi kupungua miezi 12 wala kuzidi miaka miwili. Nadhiri za muda huwekwa kwa kipindi kisichopungua miaka mitatu na, kwa kawaida, kisichozidi sita. Tuchukulie kwamba mtu ameanza akiwa na miaka 45, akakaa mwaka mmoja wa majaribio kabla ya unovisi. Ataweka nadhiri za daima akiwa na umri wa kati ya miaka 50 na 54. Kwa kipimo cha ajira hiyo ni hasara, kwa kuwa huyo ni mtumishi anayekaribia kustaafu. Kwa kipimo cha utawa, ambao hauna kustaafu, hesabu ni nyingine.

Historia ya Kanisa ina mifano ya wanawake walioipitia njia hii wakiwa na kila kifungo kilichotajwa. Jane Frances de Chantal wa Ufaransa alifiwa na mumewe mwaka 1601, aliyejeruhiwa kwa bahati mbaya katika mawindo, akabaki na watoto wanne. Mwaka 1604 alikutana na Askofu Francis de Sales. Angetaka, angeingia utawani mara moja, lakini askofu huyo alimshauri asubiri. Alisubiri hadi mwaka 1610, akiwa na miaka 38, ndipo wawili hao wakaanzisha shirika la Visitation huko Annecy.

Inasimuliwa kwamba siku ya kuondoka, mwanawe wa kiume aliyekuwa kijana wa miaka 14 hivi alijilaza kizingitini ili mama asipite. Mama alilia, kisha akamruka. Kisa hicho kimewagawa wasomaji kwa karne nne, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kukifanya kitamu. Binti mmoja alikuwa ameolewa na mwingine akaenda na mama yake, naye kijana aliachwa kwa babu na walimu. Mpango wa malezi ulikuwapo. Uchungu ulikuwapo pia, na hapana mpango ulioweza kuuondoa.

Shirika lile jipya lilipokea wanawake ambao mashirika mengine yaliwakataa kwa sababu ya umri au afya dhaifu. Mwanzilishi alijua alichokuwa akifanya.

Katika makanisa ya Kiprotestanti sura ni tofauti, maana ndoa si kizuizi na mlango wa uchungaji, katika mengi yao, umefunguliwa. Lakini ulifunguliwa juzi tu. Nyambura Njoroge alibarikiwa mwaka 1982, mwanamke wa kwanza katika Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki. Mwaka 1983, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Kenya, alimpa ukasisi shemasi Lucia Okuthe, miaka kadhaa kabla ya sinodi ya Kanisa lote la Anglikana nchini humo kuidhinisha jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliwapa ukasisi wanawake watatu kwa pamoja.

Hapa nchini, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliridhia wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji mwaka 1990, na wa kwanza walibarikiwa mwaka uliofuata. Kanisa Anglikana Tanzania liliacha suala hilo mikononi mwa dayosisi, hivyo jibu hutegemea mtu anaishi wapi. Waadventista Wasabato, katika mkutano wao mkuu wa dunia uliofanyika San Antonio, Marekani, mwezi Julai 2015, walikataa pendekezo la kuziachia kanda ziamue zenyewe.

Tarehe hizo zina maana kubwa kwa mada yetu. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1970 katika usharika wa Kilutheri alikuwa na miaka 20 wakati mlango unafunguliwa. Alipokuwa mtoto hakuwahi kumwona mwanamke mwenye joho madhabahuni, na kwa hiyo hakuwahi kujiuliza kama angeweza kuwa yeye. Akiolewa mapema, akazaa, akaajiriwa, swali hilo lilimkuta akiwa na umri mkubwa. Kwa baadhi yao wito haukuchelewa. Ni kanisa lililochelewa kuwaruhusu waujue.

Utaratibu wenyewe una ngazi. Katika KKKT mhusika huanzia usharikani kwake, kwa mchungaji na wazee wa kanisa wanaomfahamu, kisha ombi hupanda hadi jimboni na dayosisini. Dayosisi ndiyo huamua nani apelekwe kusoma, iwe ni chuo cha Biblia kwa ajili ya uinjilisti au Makumira kwa ajili ya theolojia, chuo ambacho chimbuko lake ni Lwandai mwaka 1947 na kilichohamia Makumira mwaka 1954. Anayejisomesha mwenyewe bila dayosisi kumtuma anaweza kupata shahada, ila shahada hiyo haimpi usharika. Wapo waliolipa ada yote kwa kiinua mgongo chao ndipo wakaelezwa hivyo. Ni heri swali hilo liulizwe siku ya kwanza, na jibu liwe la maandishi.

Wazee wa kanisa watauliza pia, hata kama hawataandika katika kumbukumbu za kikao: mumeo anasemaje? Mchungaji mwanamume mara chache huulizwa mkewe anasemaje, kwa kuwa inachukuliwa kwamba mke atamfuata popote atakapohamishiwa. Mchungaji mwanamke naye huhamishwa. Mume mwenye shamba, duka au kazi yake ya serikali katika wilaya nyingine atafanya nini? Hii ni dosari ya haki, na ni vema makanisa yaione hivyo. Lakini mama anayesubiri dosari hiyo irekebishwe kwanza anaweza kufikisha miaka 70. Walioivuka salama ni wale waliozungumza na waume zao mapema, kabla ya kumweleza mtu mwingine yeyote, wakampa naye muda wa kukasirika na kutulia.

Fedha nazo zisifichwe. Mshahara wa mchungaji wa usharika wa kijijini hutegemea sadaka, na sadaka hutegemea mavuno. Mwalimu wa serikali aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 ana, akifikia 45, miezi 240 ya michango, kiasi kinachozidi miezi 180 inayotakiwa ili astahili pensheni katika mfuko wa watumishi wa umma. Lakini umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Anayeandika barua ya kuacha kazi leo asitarajie pensheni mwisho wa mwezi. Aende kwanza ofisi za mfuko wake, aulize kwa majina na namba yake, ndipo apange.

Ipo njia ya tatu ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni kuhudumu bila kuacha kazi. Paulo mwenyewe alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Mfano ulio karibu nasi ni wa Ellinah Wamukoya wa Swaziland, nchi ambayo tangu mwaka 2018 inaitwa Eswatini. Mama huyo, aliyezaliwa mwaka 1951, alikuwa mtendaji mkuu wa Baraza la Jiji la Manzini: bajeti, maji taka, barua za wananchi. Akawa pia kasisi, akiwahudumia wanafunzi wa chuo kikuu na wa sekondari. Mwaka 2012, akiwa na miaka 61, alichaguliwa kuwa askofu, na kuwekwa wakfu mwezi Novemba mwaka huo, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana barani Afrika. Alifariki dunia Januari 2021 kwa Uviko-19. Mwezi huo huo Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, Kenya, na Septemba ya mwaka huo Rose Okeno akawa askofu wa Butere.

Mtu atasema hao ni wachache. Ni kweli. Lakini haiwezi kusemwa tena kwamba ofisi ya halmashauri haiwezi kuwa chuo cha kuandalia askofu.

Limebaki suala gumu kuliko yote: mtu atajuaje kwamba ni wito? Umri wa makamo una misukosuko yake. Ukomo wa hedhi, ambao wengi huufikia kati ya miaka 45 na 55, huweza kuleta kukosa usingizi, huzuni isiyo na sababu na hisia ya kwamba maisha yanadai mabadiliko. Kufiwa na mume huleta hisia zinazofanana. Binti wa mwisho akienda chuo, nyumba hugeuka kuwa kubwa ghafla. Hakuna lolote kati ya haya linaloukanusha wito, maana Mungu wa Wakristo huwaita watu katika miili yao na misiba yao. Ila hakuna linaloweza kuuthibitisha peke yake.

Ignatius wa Loyola, ambaye naye aligeuka akiwa mtu mzima, alifundisha kwamba wakati wa ukiwa wa roho mtu asibadili uamuzi aliokuwa ameufanya wakati wa utulivu. Kwa mjane ambaye hata arobaini ya marehemu haijapita, mafundisho hayo yana manufaa ya kidunia pia. Mali bado haijagawanywa, ndugu wa mume wamejaa uani, na tamko la haraka kwamba yeye sasa ni wa Mungu linaweza kufasiriwa na wengine kuwa ameachia nyumba na kiwanja. Asitamke kitu. Amalize mirathi kwanza.

Kigezo cha pili ni watu wengine. Mama Teresa wa Calcutta alikuwa na miaka 36 na mtawa wa miaka mingi aliposafiri kwa treni kwenda Darjeeling, tarehe 10 Septemba 1946, na kuupata aliouita wito ndani ya wito. Hakushuka kituo kilichofuata akaanza kazi. Askofu Mkuu Ferdinand Périer alimsubirisha, akamhoji, akapeleka suala Roma, na ruhusa ilipatikana mwaka 1948. Takribani miaka miwili ilipita, na katika muda huo mwanamke ambaye leo anaheshimiwa kama mtakatifu aliendelea kuwa mtawa wa shirika lake, akiandika barua za kukumbusha.

Makanisa na huduma zinazoanzishwa na mtu mmoja hazina ngazi hizo. Mama akiota ndoto Jumatatu anaweza kuwa na turubai, spika na waumini ifikapo Jumapili. Wako wanaotumika vema kwa njia hiyo. Lakini asiyekuwa na mtu wa kumwambia subiri, au wa kukagua vitabu vya sadaka, amejinyima kinga ambayo hata Mama Teresa alikuwa nayo.

Baadhi ya wanaopimwa hivyo hugundua kwamba hawakuitwa kubadili vazi wala anwani. Vipindi vya dini katika shule nyingi za serikali hukosa walimu. Wagonjwa wa wodini husubiri mtu wa kukaa nao, na magereza hutembelewa Krismasi na Pasaka tu. Kazi hizo zinahitaji barua ya kanisa na uvumilivu, na mtu aliyelea watoto wanne ana sehemu kubwa ya mafunzo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Mary Sumner, mke wa kasisi wa kijiji cha Old Alresford, Uingereza. Mwaka 1876, akiwa na miaka 47 na amekuwa bibi karibuni, aliona kwamba akina mama wa kijiji, matajiri kwa maskini, walihitaji kusaidiana katika malezi. Akawaalika nyumbani kwake. Walipofika, woga ulimshika hata akashindwa kuzungumza, akawaomba waende wakarudi wiki ijayo. Umoja uliotokana na mwaliko huo, Mothers' Union, una mamilioni ya wanachama duniani, na wake wa Afrika Mashariki huonekana kila Jumapili katika sare zao.

Wiki iliyofuata wanawake wale walirudi, naye akazungumza.